SOMO KWA WATENDAJI WA KOMPYUTA: Uzito wa Mashine Pepe Iliyomo Ndani ya Mashine Pepe Nyingine, na Njia ya Kuutafutia Sababu

Ukurasa huu, ambao kwa kawaida hubeba ilani, taarifa na matangazo ya Serikali, leo unatoa nafasi kwa somo. Linawahusu watendaji wote waliokabidhiwa dhamana ya kompyuta katika Wizara, Idara, Mashirika ya Umma, Skuli na Hospitali, Unguja na Pemba. Wasomaji wasioshughulika na kazi hiyo nao wanaombwa wasiupite ukurasa, khasa wale wenye mamlaka ya kutia saini maombi ya manunuzi, kwani mwisho wa shauri hili aghalabu ni fedha ya umma.

Shauri lenyewe ni hili. Seva moja kubwa imegawiwa mashine pepe kadhaa. Ndani ya moja ya mashine hizo mtendaji amefungua tena mashine pepe nyingine, ama kwa ajili ya mafunzo, ama kwa kujaribia programu kabla ya kuingizwa katika kazi rasmi, ama kwa kuwa ipo programu ya zamani isiyokubali kuishi pahala pengine. Mashine hiyo ya ndani inakwenda kwa uzito usiostahmilika. Kuiwasha kunachukua robo saa, na anayechapa herufi huisubiri itokee. Mkuu wa kitengo anaandika kwamba seva imezeeka na inunuliwe nyingine. Seva mpya inafika, mpangilio ule ule unahamishiwa humo, na uzito unarudi kama ulivyokuwa, kwa sababu kilichokuwa na kasoro hakikuwa seva.

Ni vyema kwanza kuelewana katika istilahi. Mashine pepe ni kompyuta isiyokuwa na mwili wake. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, lakini vyote hivyo ni vya kuazima kutoka kwa kompyuta ya kweli inayoibeba. Programu inayosimamia uazimaji huo huitwa haipavaiza. Wataalamu huyahesabu matabaka kuanzia sifuri: haipavaiza iliyokaa juu ya kompyuta ya kweli ni tabaka 0, mashine pepe inayowekwa juu yake, nayo ikawa na haipavaiza yake, ni tabaka 1, na mashine pepe iliyomo ndani ya hiyo ni tabaka 2. Katika somo hili tutatumia hesabu hiyo hiyo.

Jambo hili si geni kama baadhi ya watu wanavyodhania. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa na mashine pepe tangu miaka ya 1960, na ilipotangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, kuendesha mfumo huo ndani ya nafsi yake kulikuwa ni njia ya kawaida ya wahandisi kuujaribu bila ya kuwavurugia kazi watumiaji wengine. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili iweze kubeba mashine pepe ipasavyo. Prosesa za aina ya x86, ambazo ndizo zilizojaa maofisini mwetu, hazikuyatimiza masharti hayo kwa miaka mingi. Intel ilileta msaada wa ndani ya prosesa, uitwao VT-x, mwaka 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006 kwa msaada wake uitwao AMD-V. Msaada huo ndio kiini cha somo hili, na msomaji atakayeshika jambo hilo moja atakuwa ameshika nusu ya somo.

HODI ISIYOKWISHA

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba aliyepangisha vyumba. Kila mpangaji huishi kama kwamba nyumba ni yake, illa akitaka kugusa kitu cha shirika, kama vile mita ya umeme au tangi la maji, hana budi kubisha hodi kwa mwenye nyumba. Hodi hiyo, katika lugha ya kompyuta, tutaiita mtoko: mashine pepe inasimama, prosesa inatoka humo na kurudi kwa haipavaiza, haja inatekelezwa, kisha mashine inaendelea. Mtoko mmoja huchukua muda mdogo mno usiohisika. Mitoko laki moja kwa sekunde huhisika.

Sasa mpangaji naye akagawa chumba chake kwa pazia, akapangisha upande wa pili. Ajabu ya mpangilio huu ni kwamba hodi ya mpangaji wa pazia haimfikii kwanza aliyempangisha. Humfikia mwenye nyumba, kwa kuwa prosesa inamtambua msimamizi mmoja tu, naye ni yule wa tabaka 0. Mwenye nyumba hutazama, akaona huyu si mpangaji wake, akamwamsha mpangaji mkuu na kumwambia: mtu wako ana haja. Mpangaji mkuu huanza kuishughulikia haja hiyo, lakini kila anapotaka kufungua daftari la mpangaji wake, au kuandika humo neno moja, daftari lenyewe liko kwa mwenye nyumba, na hapana budi kubisha hodi tena. Hivyo haja moja ya tabaka 2 huweza kuzaa mitoko kumi, ishirini au zaidi kati ya tabaka 1 na tabaka 0. Huu ndio msingi wa uzito, na karibu kila dawa itakayotajwa hapa chini ni ya kupunguza hodi hizo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uzito mkubwa ni maumbile ya mpangilio huu. Mwaka 2010 watafiti wa IBM, wengi wao wa maabara ya Haifa, walitoa taarifa ya mradi wao walioupa jina la Turtles, yaani makasa, kwa kufuata kisa mashuhuri cha dunia iliyobebwa na kasa aliyebebwa na kasa mwingine. Kwa kazi za kawaida walizozipima, na baada ya kuutengeneza mpangilio kwa uangalifu, mashine ya tabaka 2 ilikuwa nyuma ya mashine ya tabaka 1 kwa asilimia 6 hadi 8 tu. Tangu hapo prosesa nazo zimeendelea: mwaka 2013 Intel, katika kizazi cha prosesa kiitwacho Haswell, iliweka daftari la kivuli ambalo tabaka 1 huweza kulisoma na kuliandika bila ya kumwita mwenye nyumba kila mara. Kwa hivyo mtendaji anayeambiwa kuwa mashine ya ndani inakwenda mara kumi au ishirini polepole kuliko ya nje, na akajibiwa kuwa ndivyo zilivyo, asiridhike na jibu hilo. Uzito wa kiasi hicho ni dalili ya kasoro, na kasoro hutafutwa.

PIMO LA KWANZA

Watendaji wengi huanza kwa kuongeza kumbukumbu. Ukiwauliza kwa nini, hawana sababu illa kwamba ndilo jambo jepesi kulifanya. Njia iliyo sahihi ni kupima kazi ile ile katika matabaka yote matatu, na kazi hiyo iwe ya aina mbili zilizotengana.

Kwanza ipimwe kazi ya hesabu tupu, isiyogusa diski wala mtandao. Kwa mfano amri ya openssl speed, ambayo hupatikana katika takriban kila Linux. Wakati inapofanya hesabu, prosesa haina haja ya kubisha hodi kwa mtu, kwa hivyo majibu ya matabaka matatu yanatakiwa yakaribiane. Kwa kielelezo, ikiwa kazi huchukua sekunde 40 katika tabaka 0, na sekunde 42 katika tabaka 1, basi sekunde 45 katika tabaka 2 si jambo la kushangaza. Zikiwa sekunde 600, utafiti umekwisha kabla ya kuanza: tabaka 2 halipati msaada wa prosesa hata kidogo. Haipavaiza ya ndani inaigiza prosesa kwa programu, amri moja baada ya moja, kama mtu anayesomewa barua neno kwa neno na mkalimani. Kuongeza kumbukumbu hapo ni kumwongezea mkalimani viti.

Pili ipimwe kazi ya kuandika diskini, na ya kupeleka data mtandaoni. Ikiwa hesabu tupu inakwenda vizuri lakini diski au mtandao ndio mzito, basi msaada wa prosesa upo, na kinachotafutwa ni wingi wa hodi. Mgawanyo huu wa mambo mawili unaokoa siku nzima za kubahatisha.

PALE MSAADA WA PROSESA USIPOFIKA

Tuseme kasoro ni ya aina ya kwanza. Kwa seva zinazotumia KVM, ambayo ni haipavaiza iliyomo ndani ya kerneli ya Linux tangu mwaka 2007, mtendaji aingie katika tabaka 1 na atazame kama faili la /dev/kvm lipo. Lisipokuwepo, programu ya QEMU mara nyingi huendelea na kazi kwa njia ya kuigiza, na pengine hutoa onyo dogo ambalo hakuna aliyelisoma. Anayetumia libvirt atoe amri ya virsh dumpxml pamoja na jina la mashine ya ndani, na atazame mstari wa juu kabisa: ukisema aina ni qemu badala ya kvm, ameshapata mkosaji wake.

Sababu ni moja kati ya tatu. Huenda msaada umezimwa katika BIOS ya kompyuta ya kweli, ingawa katika hali hiyo tabaka 1 lenyewe lingekuwa zito na malalamiko yangeanza mapema. Huenda moduli ya KVM katika tabaka 0 haikuruhusiwa kuupitisha msaada huo ndani. Jambo hili huthibitishwa kwa kusoma faili la /sys/module/kvm_intel/parameters/nested, au la kvm_amd kwa prosesa za AMD. Jibu linalotakiwa ni Y au 1. Tangu toleo la 4.20 la kerneli ya Linux, lililotoka mwisho wa mwaka 2018, ruhusa hiyo hutolewa bila ya kuombwa; lakini seva nyingi bado zinaendeshwa na kerneli za kabla ya hapo, na katika hizo hapana budi kuandika mstari wa options kvm_intel nested=1 katika faili lililomo ndani ya /etc/modprobe.d, kisha moduli ipakiwe upya baada ya kuzimwa mashine pepe zote. Mtendaji asilifanye hilo saa nne za asubuhi watu wakiwa kazini.

Sababu ya tatu ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Ruhusa ipo, lakini mashine ya tabaka 1 ilipoundwa ilipewa prosesa ya mfano wa jumla, isiyotaja kuwa ina VT-x wala AMD-V. Mpangaji hawezi kukitumia kitu ambacho hakimo katika orodha ya vitu alivyokabidhiwa. Amri ya egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo ikitolewa ndani ya tabaka 1 na ikajibu sifuri, mashine hiyo izimwe kabisa, prosesa yake ibadilishwe kuwa ya aina ya host-passthrough, na iwashwe tena. Kuianzisha upya kutoka ndani yake hakutoshi, kwa sababu QEMU haijazimika na orodha ya zamani bado imo mkononi mwake.

Kwa wanaotumia Windows khabari ni tofauti kidogo, na inastahiki kuelezwa kwa urefu kwa vile kompyuta za mezani za maofisini nyingi ni za aina hiyo. Katika Windows 10 na 11 zipo sehemu za usalama, kama vile ile ya kulinda kumbukumbu ya kerneli, ambazo hutumia haipavaiza ya Microsoft iitwayo Hyper-V bila ya mwenye kompyuta kujua. Hali kadhalika, anayeweka Linux ndani ya Windows kwa njia ya WSL 2 anakuwa amewasha haipavaiza hiyo hiyo. Baada ya hapo Windows yenyewe inakaa juu ya Hyper-V, na mtu akifungua VirtualBox anadhani yuko katika tabaka la kwanza, kumbe msaada wa prosesa umekwisha shikwa na mwengine. VirtualBox hulazimika kupitia mlango wa Hyper-V, na katika ukingo wa chini wa dirisha lake huonyesha picha ndogo ya kobe wa kijani. Wengi huiona picha hiyo wakaidhania ni pambo. Ni taarifa rasmi kwamba mashine itakwenda polepole. Haipavaiza hiyo huweza kuzimwa kwa amri ya bcdedit /set hypervisorlaunchtype off na kompyuta ikaanzishwa upya, na wakati mwingine hapana budi kuzima pia ile sehemu ya kulinda kumbukumbu. Lakini ulinzi huo uliwekwa kwa sababu, na katika kompyuta yenye taarifa za mishahara, matibabu au ardhi usizimwe kwa ajili ya wepesi wa majaribio. Ni bora majaribio yahamie kompyuta nyingine. Ama kwa seva, Hyper-V imeruhusu mashine ndani ya mashine tangu Windows Server 2016, kwa agizo la ExposeVirtualizationExtensions linalotolewa mashine ya tabaka 1 ikiwa imezimwa.

PALE HODI ZINAPOKUWA NYINGI

Ikiwa hesabu tupu inakwenda vyema, kasoro ni ya aina ya pili. Hapa mwenye funguo za tabaka 0 ana faida kubwa, kwa vile anaweza kuzihesabu hodi zenyewe na kujua sababu ya kila moja. Amri ya perf kvm stat live, ikitolewa katika tabaka 0, huorodhesha mitoko kwa majina na kwa wingi. Majina mengi ya VMREAD na VMWRITE maana yake daftari la kivuli halitumiki: ama prosesa ni ya kabla ya mwaka 2013, ama agizo la enable_shadow_vmcs limezimwa. Jina la IO_INSTRUCTION likitawala, mashine imepewa vifaa vya kizamani vya kuigiza, kama diski ya IDE. EPT_VIOLATION zikiwa nyingi baada ya mashine kukaa imewashwa kwa muda, mashaka yaelekezwe kwenye kumbukumbu.

Tuanze na vifaa. Kadi ya mtandao ya kuigiza, kama e1000 au rtl8139, inajifanya kuwa kifaa cha kweli kilichokuwepo madukani miaka iliyopita, na kila pakiti inayopita humo huleta hodi kadhaa. Vifaa vya virtio havijifanyi kuwa chochote. Vilibuniwa kwa ajili ya mashine pepe, na hukusanya haja nyingi zikapelekwa kwa hodi moja. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuweka virtio katika tabaka 1 na kuisahau katika tabaka 2, khasa pale mashine ya ndani inapokuwa Windows ambayo haina draiva za virtio mpaka ziwekwe kwa mkono.

Diski ina mtego wake. Faili la diski la aina ya qcow2 hukua kidogo kidogo kadiri linavyoandikwa, na kila linapokua lina hesabu zake za ndani za kusawazisha. Faili hilo likiwekwa ndani ya diski ambayo nayo ni faili la qcow2, neno moja linaloandikwa na tabaka 2 huwa maandiko kadhaa katika diski ya kweli. Mtendaji akiwa ameongeza juu yake picha tatu au nne za kuhifadhi hali, ambazo aliziweka kwa tahadhari na hakuzifuta, msururu unakuwa mrefu zaidi. Inashauriwa angalau tabaka moja litumie diski ghafi, au faili lililotengewa nafasi yake yote tangu mwanzo, na akiba ya maandiko izimwe katika tabaka moja kwa agizo la cache=none ili data ile ile isihifadhiwe mara tatu katika kumbukumbu tatu. Agizo la cache=unsafe, ambalo husifiwa kwa wepesi wake, lisikaribiwe na data yoyote inayohitajiwa kesho. Umeme ukikatika, na hapa visiwani hilo si jambo la kuhadithiwa, yaliyokuwa hayajafika diskini yatakuwa yamepotea, na mashine iliyokwisha kuambiwa kuwa yamefika haitakuwa na khabari.

Katika kumbukumbu yapo mambo mawili. Jambo la kwanza ni la hesabu ya kawaida. Mashine ya tabaka 1 iliyopewa GB 16 haiwezi kubeba mashine mbili za ndani za GB 8 kila moja, kwa kuwa na yenyewe inakula. Ikizidiwa huanza kuhamishia kumbukumbu diskini. Na ikiwa tabaka 0 nalo limezidiwa, linahamisha vile vile, bila ya mmoja kumjua mwenziwe. Amri ya vmstat 1 itolewe katika kila tabaka, kuanzia chini, na safu za si na so zitazamwe. Zisipokuwa sifuri kwa muda mrefu katika tabaka 0, hapana haja ya kupanda juu kutafuta kitu kingine.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Ili kujua neno liko wapi katika kumbukumbu ya kweli, prosesa husoma majedwali ya kurasa. Kompyuta isiyo na mashine pepe, yenye majedwali ya ngazi nne, hufanya hatua 4 katika hali mbaya kabisa. Mashine pepe ya tabaka moja, ikiwa na majedwali ya pande mbili yaliyoletwa na AMD mwaka 2007 na Intel mwaka 2008, huweza kufikia hatua 24. Kwa tabaka 2, haipavaiza ya chini huyaunganisha majedwali mawili kuwa moja ili hesabu isizidi hapo, lakini kazi ya kuyaunganisha ni yake, na kila badiliko lina gharama. Kwa hivyo ndani ya tabaka 1 isomwe /sys/module/kvm_intel/parameters/ept, au npt katika kvm_amd. Jibu likiwa N, haipavaiza ya ndani inatumia njia ya kale ya majedwali ya kivuli, na hodi zitamiminika. Hali kadhalika yafaa kutumia kurasa kubwa za MB 2 badala ya zile za KB 4, kwani ukurasa mkubwa mmoja husimama pahala pa 512 vidogo. Sharti lake ni kwamba ziwe kubwa katika matabaka yote mawili ya chini. Ukubwa unaofaa kazi ni ule wa tabaka lililo dogo.

Viini vya prosesa ndipo ukarimu unapodhuru. Mtendaji aliye na kompyuta ya viini 4 huipa mashine ya tabaka 1 viini 8, nayo ikaipa ya ndani viini 8, kwa nia njema. Kinachotokea ni kwamba kiini kimoja pepe kilichoshika kufuli hunyang'anywa zamu kabla ya kuiachia, na vingine saba vikakaa vinasubiri huku vinakula muda. Mara nyingi mashine iliyopunguziwa viini kutoka 8 hadi 2 huenda mbio zaidi siku hiyo hiyo. Katika amri ya top ipo tarakimu ya st, inayoonyesha muda ambao mashine ilitaka prosesa na haikupewa. Lakini ifahamike kuwa tarakimu hiyo, ikisomwa ndani ya tabaka 2, husimulia unyang'anyi wa tabaka 1 tu; uliofanywa na tabaka 0 hauonekani humo. Ni lazima isomwe katika tabaka 1 pia, ama sivyo mtendaji atasema hakuna tatizo hali ya kuwa lipo chini ya miguu yake.

Saa ni jambo dogo linalosahauliwa. Mifumo ya hazinadata huuliza saa mara nyingi mno kwa sekunde. Mashine ya ndani ikiwa inasoma saa kutoka acpi_pm au hpet, kila swali ni hodi. Ikisoma kutoka tsc au kvm-clock, hupata jibu bila ya kutoka. Faili la kusoma ni /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource, na kulisoma hakuchukui hata dakika.

Wapo pia watakaogundua kuwa mashine iliyokuwa nyepesi hapo awali iligeuka kuwa nzito mwaka 2018 bila ya mtu kuigusa. Mwezi wa Januari mwaka huo zilitangazwa kasoro za prosesa zilizoitwa Meltdown na Spectre, na mwezi wa Agosti ikafuata ile iitwayo L1TF, ambayo dawa yake katika prosesa nyingi za Intel za wakati huo ilikuwa ni kufuta sehemu ya akiba ya ndani ya prosesa kabla ya kuingia katika mashine pepe. Hodi zikawa ghali zaidi, na mwenye hodi nyingi akalipa zaidi. Dawa hizo zisiondolewe katika seva inayobeba mashine za idara mbili au zaidi. Kinachowezekana ni kuipa mashine ya tabaka 1 prosesa ya aina ya host-passthrough, ambayo tumekwisha kuitaja, ili itambue kuwa tabaka 0 linafuta na isirudie kufuta mara ya pili.

Wale waliokodi mashine kutoka kwa watoa huduma wa nje hawana funguo za tabaka 0, na amri nyingi zilizotajwa hapa hawataweza kuzitoa. Hao waulize, kwa maandishi na kabla ya kulipa, kama aina ya mashine wanayoikodi inapitisha msaada wa prosesa ndani, kwani si kila aina hupitisha.

KUONDOA TABAKA

Baada ya yote hayo, mwandishi wa ukurasa huu ana rai kwamba nusu ya mashine za tabaka 2 hazina sababu ya kuwa hapo. Zilianza kama jaribio la wiki moja zikageuka kuwa makao. Ikiwa haja ni kutenganisha programu mbili tu, na zote ni za Linux, makasha ya programu kama ya Docker au LXC yanatosha, nayo hutumia kerneli moja bila ya haipavaiza ya pili. Ikiwa haja ni kuhifadhi programu ya zamani, faili lake la diski linaweza kuhamishwa kutoka tabaka 2 na kuwashwa kama mashine ya tabaka 1, kandokando ya ile iliyokuwa ikiibeba. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, na uzito wote uliozungumzwa hapa unaondoka nayo. Wanaostahiki kubaki na matabaka mawili ni walimu wanaofundisha uendeshaji wa haipavaiza zenyewe, wanaojaribu mpangilio wa seva nyingi kabla ya kuujenga, na wale waliokodi tabaka 1 na hawana pengine pa kwenda.

Atakayeona bado kuna haja ya kuomba seva mpya, inapendekezwa aambatanishe na ombi lake majibu ya pimo la hesabu tupu katika matabaka yote matatu, safu za vmstat za tabaka 0 kwa saa moja ya kazi nyingi, idadi ya viini vya kweli pamoja na vile vilivyogawiwa, na jibu la faili la nested. Karatasi moja inatosha kwa yote hayo. Mkuu wa Idara asiyeikuta karatasi hiyo ana haki ya kulirejesha ombi kwa aliyeliandika.